Emil von Behring na Dawa ya Dondakoo

1. Mtoto wa mwalimu

Tarehe 15 Machi 1854, katika kijiji cha Hansdorf, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Emil. Siku zile kijiji hicho kilikuwa katika Prussia, moja ya nchi za Wadachi. Leo kimo katika nchi ya Polandi. Baba yake, Bwana Behring, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Watoto wake walikuwa 13, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Chakula kilipatikana, lakini fedha ya kuwapeleka watoto wote katika shule kubwa haikupatikana.

Emil alikuwa na akili nyepesi, tena alipenda kusoma. Watu waliomfahamu wakamsaidia, akaingia shule ya juu. Alipomaliza, akatamani kuwa mganga, yaani daktari. Lakini masomo ya uganga ni marefu, na karo yake ni kubwa. Mtoto wa mwalimu maskini angefanyaje?

Katika mji wa Berlin palikuwa na shule ya waganga wa jeshi. Wanafunzi wake hawakulipa kitu, ila waliahidi kulitumikia jeshi miaka mingi baada ya masomo. Mwaka 1874 Emil akakubali sharti hilo. Akasoma kwa bidii, na mwaka 1878 akapata cheti cha uganga. Kisha akatumwa huku na huku kuwatibu askari.

Katika kazi hiyo aliona jambo moja lililomsumbua moyo. Waganga walikuwa na dawa za kuosha vidonda, za kuua vijidudu vya nje. Lakini vijidudu vikiisha kuingia mwilini, dawa hizo zilimdhuru mgonjwa kabla ya kuviua. Behring akajiuliza: je, haipatikani dawa itakayopigana na sumu ya ugonjwa bila kumdhuru mtu mwenyewe?

2. Ugonjwa unaonyonga watoto

Katika siku zile, ugonjwa uliotisha wazazi wa Ulaya kuliko magonjwa mengi ulikuwa dondakoo. Ugonjwa huu hushika watoto zaidi. Kwanza mtoto ana homa kidogo, na koo lamwuma. Kisha ngozi ya rangi ya majivu hutanda kooni, nayo huzidi kuwa nene. Shingo huvimba. Mtoto avuta pumzi kwa shida, kama mtu anayenyongwa. Tena sumu ya vijidudu huenda na damu mpaka moyoni, na moyo waweza kusimama ghafula, hata siku ambapo mama anadhani mtoto amepona.

Waganga hawakuwa na dawa. Mara nyingi walikata tundu katika shingo ya mtoto, wakaingiza bomba dogo ili apate kupumua. Wengine waliokoka hivyo. Lakini katika hospitali nyingi, karibu nusu ya wagonjwa wa dondakoo walikufa, na pengine zaidi ya nusu.

Mwaka 1884 mganga mmoja Mdachi, Friedrich Loeffler, alifaulu kukitenga na kukikuza peke yake kijidudu cha dondakoo. Mwaka 1888, katika mji wa Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin wakaonyesha ya kuwa kijidudu hicho hukaa kooni tu, lakini hutoa sumu, na sumu ndiyo inayoenea mwilini na kuua. Basi adui akajulikana. Ikabaki kupata silaha.

3. Kazi ya Berlin

Karibu na wakati huo Behring aliingia katika nyumba ya uchunguzi ya Robert Koch, mganga mashuhuri wa Berlin. Hapo alikutana na Mjapani mmoja, jina lake Shibasaburo Kitasato. Kitasato alichunguza pepopunda, ugonjwa unaoingia kwa kidonda na kukaza mwili wote. Behring alichunguza dondakoo. Wawili hawa walifanya kazi tangu asubuhi hata usiku.

Walitumia sungura na kobayi, yaani wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao watu wengi wa Kivu huwafuga nyumbani. Behring aliwapa kobayi ugonjwa wa dondakoo, kisha akawatia dawa mbalimbali. Wengi walikufa. Wachache walipona. Hao waliopona akawatia sumu ya dondakoo tena, nao hawakuugua.

Behring akafikiri: bila shaka katika damu yao kimo kitu kinachoshinda sumu. Ili kujua hakika, akatwaa damu yao. Ukiiacha damu katika chombo, baada ya muda huganda, na juu yake hubaki maji ya rangi ya kimanjano. Maji hayo huitwa serumu. Akaitia serumu hiyo katika mnyama mwingine ambaye hajaugua kamwe, kisha akampa sumu. Mnyama akabaki mzima. Kitasato naye akaona jambo lilo hilo katika sungura wa pepopunda.

Mnamo Desemba 1890 wakatangaza habari hizi katika gazeti la waganga. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyesha ya kuwa mnyama mmoja aweza kumgawia mwingine nguvu ya kushinda sumu, kwa njia ya serumu.

4. Damu ya farasi

Lakini kobayi ni mdogo sana. Damu yake haitoshi kumtibu hata mtoto mmoja. Behring akajaribu kondoo. Baadaye waganga wakaona ya kuwa farasi ndiye afaaye zaidi, kwa kuwa ana damu nyingi, na huvumilia kazi hiyo.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Farasi hutiwa sumu kidogo sana, kisha huachwa apumzike. Hutiwa tena, kwa kuongeza polepole. Mwili wake hujifunza kutengeneza kitu kinachopinga sumu. Baada ya miezi michache hutolewa damu kwa kipimo, asife wala asidhoofike, na katika damu hiyo hupatikana serumu.

Lakini palibaki taabu nyingine. Serumu ya farasi mmoja ilikuwa na nguvu nyingi, na ya mwingine nguvu kidogo. Mganga angejuaje kiasi cha kumpa mtoto? Aliyetatua jambo hili ni Paul Ehrlich, rafiki yake Behring. Yeye alipata njia ya kupima nguvu ya serumu, kama vile mwuza duka apimavyo chumvi kwa mizani. Tangu hapo kila chupa ikaandikwa kipimo chake.

Mwaka 1894 serumu ikaanza kuuzwa katika Ujerumani. Mwaka huohuo Émile Roux alisimama mbele ya waganga wa nchi nyingi waliokutana katika mji wa Budapest. Akaeleza habari za hospitali moja ya watoto ya Paris. Zamani, katika watoto 100 wenye dondakoo, walikufa 50 na zaidi. Tangu kutumia serumu, walikufa 25 hivi. Katika hospitali nyingine ya mji huohuo, ambako serumu haikutumika, vifo havikupungua. Waganga wakamshangilia kwa furaha kubwa.

5. Dawa njema yaweza kudhuru

Watu wakasifu serumu mno, hata wengine wakadhani haina hatari yoyote. Sivyo. Serumu hutoka katika mwili wa farasi, na mwili wa mtu waijua kuwa ni kitu kigeni. Mara nyingi huivumilia. Pengine huikataa kwa nguvu.

Mwaka 1896, katika Berlin, mtumishi wa nyumba moja alishikwa na dondakoo. Bwana wa nyumba alikuwa mganga, naye alikuwa na mtoto ambaye hajatimiza miaka 2. Mtoto alikuwa mzima. Kwa kumkinga, walimpiga sindano ya serumu. Baada ya muda mfupi sana mtoto akafa. Baba yake, katika uchungu wake, akatangaza ya kuwa serumu ndiyo iliyomwua. Waganga wakabishana juu ya chanzo cha kifo hicho, na hofu ikaenea mjini.

Mwaka 1901 likatokea jambo la kusikitisha zaidi, katika mji wa St. Louis, nchi ya Marekani. Huko palikuwa na farasi mmoja aliyeitwa Jim, ambaye zamani alivuta gari la maziwa. Damu yake ilitumiwa kutengeneza serumu ya dondakoo. Lakini farasi huyo alishikwa na pepopunda, na serumu yake ikawa na sumu ya pepopunda ndani yake. Kabla ya kuigawa, iliwapasa kuijaribu kwa kobayi na kungoja. Hawakungoja. Watoto 13 walipigwa sindano ili wapone dondakoo, wakafa kwa pepopunda. Kwa sababu ya msiba huo, mwaka 1902 serikali ya Marekani ikatoa sheria ya kuwasimamia wote wanaotengeneza dawa za namna hiyo.

Behring mwenyewe alikuwa ameona mapema, mnamo mwaka 1893, ya kuwa mwili waweza kugeuka. Wanyama wengine aliowazoeza sumu, badala ya kuwa na nguvu, walikufa kwa kipimo kidogo sana. Mwaka 1902 Mfaransa Charles Richet na mwenzake walionyesha ya kuwa kitu kigeni kikiingia mwilini mara ya pili, chaweza kumwangusha mnyama kwa dakika chache. Mwaka 1905 Clemens von Pirquet na Béla Schick, waganga wa mji wa Vienna, wakaandika kitabu kizima juu ya ugonjwa unaoletwa na serumu. Waliona ya kuwa siku 7 hadi 12 baada ya sindano, watoto wengine hupata homa, vipele vyenye kuwasha, na maumivu ya viungo. Mara nyingi hayo hupita yenyewe. Lakini mtu aliyepata serumu zamani aweza kuugua upesi na kwa ukali zaidi akiipata tena.

Je, waganga waliiacha serumu? Hapana. Mtoto mwenye dondakoo asipoipata, hatari yake ni kubwa kuliko hatari ya sindano. Lakini walijifunza kutofanya haraka ya kijinga.

6. Mambo ya kuuliza kabla ya sindano

Tangu siku hizo, mganga mwenye busara hufuata taratibu kabla ya kumtia mtu serumu ya farasi.

Kwanza huuliza. Je, mgonjwa huyu alipata kupigwa sindano ya serumu zamani, labda kwa ajili ya pepopunda, au kwa kuumwa na nyoka? Je, ana ugonjwa wa pumu? Je, mwili wake huvimba au kuwasha akila kitu fulani au akitumia dawa fulani? Je, akikaribia farasi hupiga chafya na kukosa pumzi? Mgonjwa na wazazi wake wasifiche neno. Wengine huficha kwa aibu, wengine kwa kuogopa kunyimwa dawa. Lakini mganga hawanyimi dawa kwa ajili ya jibu lao; huwatafutia njia ya kuitoa kwa usalama.

Pili hutazama chupa. Je, ni serumu ya ugonjwa wenyewe? Tarehe yake haijapita? Ilitunzwa mahali pa baridi? Maji yake ni safi, au yana ukungu na vipande ndani?

Tatu hujaribu. Huchukua serumu kidogo sana, iliyochanganywa na maji mengi ya chumvi, huitia katika ngozi ya mkono, kisha hungoja robo saa au zaidi. Ngozi ikivimba na kuwa nyekundu, ni alama ya hatari. Hapo mganga hatoi dawa yote kwa mara moja. Alexandre Besredka, aliyefanya kazi katika Paris, alionyesha katika mwaka 1907 na miaka iliyofuata ya kuwa mwili waweza kuzoezwa: kidogo kwanza, halafu zaidi, halafu zaidi, mpaka dawa yote imeingia.

Nne hujitayarisha. Dawa iitwayo adrenalini huwekwa karibu kabla ya sindano, maana mtu akianguka, hapana nafasi ya kuitafuta. Na baada ya sindano mgonjwa haondoki mara; hukaa na kutazamwa. Akirudi nyumbani, na baada ya siku kadhaa akiona vipele au maumivu ya viungo, arudi kumwambia mganga.

Hata hivyo, mambo haya yote yafanyike bila kukawia. Serumu huikamata sumu iliyo katika damu, lakini haiwezi kuitoa sumu iliyokwisha kuingia moyoni na katika mishipa. Mtoto anayetibiwa siku ya kwanza hupona kwa wepesi kuliko yule anayeletwa siku ya tano. Mwangalifu si mvivu. Mwangalifu hufanya upesi, lakini hafanyi kwa upofu.

7. Siku zake za mwisho

Mwaka 1895 Behring akawa mwalimu katika shule kubwa ya mji wa Marburg. Mwaka 1896 akaoa Else Spinola, wakazaa wana 6. Mwaka 1901, mwaka uleule wa msiba wa St. Louis, akapewa tuzo ya Nobel ya uganga, iliyotolewa mara ya kwanza kabisa. Mfalme wake naye akampa cheo, na tangu hapo akaitwa Emil von Behring. Mwaka 1904 akaanzisha katika Marburg kiwanda cha kutengeneza serumu.

Hata hivyo, mtu huyu hakukosa kasoro. Alikuwa na majivuno, na hasira yake ilikuwa karibu. Aligombana na Ehrlich, ambaye bila msaada wake serumu isingalijulikana kipimo, na urafiki wao ukavunjika. Tena Behring alitafuta miaka mingi dawa ya kushinda kifua kikuu, asiipate. Huzuni nzito ikamshika, hata alikaa muda mrefu katika nyumba ya wagonjwa, kuanzia mwaka 1907 mpaka 1910.

Alipopata nguvu alirudi kazini. Mwaka 1913 alitangaza dawa ya namna nyingine: alichanganya sumu ya dondakoo na serumu yake, ili mwili wa mtoto ujifunze wenyewe kupinga ugonjwa. Mwaka 1914 vita kubwa ikaanza Ulaya. Udongo wa mashamba ulikuwa na vijidudu vya pepopunda, na askari wengi waliojeruhiwa wakafa nayo. Ndipo wakaanza kuwapiga majeruhi sindano ya serumu ya pepopunda, na vifo vikapungua sana. Wenzake Behring wa zamani katika Paris walikuwa sasa watu wa nchi ya adui. Lakini serumu iliponya majeruhi wa pande zote mbili.

Emil von Behring alikufa katika Marburg tarehe 31 Machi 1917, akiwa na miaka 63. Mwaka 1923 Mfaransa Gaston Ramon alipata njia bora ya kuilegeza sumu ya dondakoo, hata isiweze kudhuru tena, bali imfundishe mtoto kujikinga. Kwa sababu hiyo, siku hizi katika Kongo na nchi nyingine nyingi, watoto wachanga hupelekwa mara tatu kupigwa sindano ya kinga, katika juma la 6, la 10 na la 14 tangu kuzaliwa. Ndani ya sindano hiyo mna kinga ya dondakoo na ya pepopunda. Haitoki katika damu ya farasi. Mtoto aliyekingwa hivyo ni vigumu sana kushikwa na dondakoo, na kwa kawaida hatahitaji serumu ya farasi. Lakini mahali ambapo watoto hawakupata kinga, dondakoo hurudi, na waganga hulazimika kuitafuta serumu tena, nayo si rahisi kupatikana.

Mtoto wa mwalimu maskini aliwapa watu silaha iliyookoa watoto wasiohesabika. Na waliokuja nyuma yake walijifunza, kwa machozi, ya kuwa silaha njema yataka mkono wenye uangalifu.

Maulizo

1. Kwa nini Emil alisoma katika shule ya waganga wa jeshi?
2. Ni nini kinachoua katika ugonjwa wa dondakoo: kijidudu chenyewe, au kitu kinachotoka kwake?
3. Serumu ni nini? Hupatikanaje kwa farasi?
4. Katika St. Louis walikosa kufanya nini kabla ya kugawa serumu?
5. Taja mambo manne afanyayo mganga kabla ya kumtia mtu serumu.
6. Kwa nini si vema kuficha neno mganga anapouliza?
7. Waulize wazazi wako kama wadogo zako wamepata sindano zote za kinga.